Vipimo vya Presha na Saturesheni Visimani: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua

Kwenye visima vya mafuta na gesi, hitilafu nyingi zinazoripotiwa kuwa za mwamba huishia kuwa za kina kilichoandikwa vibaya, za geji iliyopoteza sifuri yake, au za sampuli ya maji iliyochanganyika na kitu kingine. Kwa sababu hiyo kila dalili hapa chini inaanza na ukaguzi wa kipimo chenyewe, na mwamba unashukiwa mwishoni.

Maneno mawili yatajirudia. Presha ni mgandamizo wa mafuta, gesi au maji mahali fulani kisimani. Saturesheni ni sehemu ya vinyweleo vya mwamba iliyojaa kitu fulani: saturesheni ya maji ikiwa asilimia 30, katika kila lita kumi za nafasi iliyomo ndani ya mwamba, lita tatu ni maji na saba ni mafuta au gesi.

Geji ya kichwa cha kisima inasoma sifuri, au mshale hausogei

Usianze kwa kuifungua geji. Sifuri kwenye uso wake haithibitishi kwamba nyuma yake hakuna presha, na wengi walioumia kwenye kichwa cha kisima waliiamini sifuri hiyo. Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni vali ndogo ya sindano iliyo chini ya geji, ambayo mtu aliyepita kabla yako aliifunga na hakuifungua tena. Ifungue polepole ukiwa umesimama ubavuni, si mbele ya kioo wala nyuma ya geji.

Ikiwa vali iko wazi, shuku kuziba kwa njia nyembamba inayoifikia geji. Huzibwa na nta, na mchanga, au na haidreti, yaani barafu inayoundwa na maji pamoja na gesi. Methani yenye presha ya bar 100 huweza kuganda hivyo hata kwenye nyuzi joto 12 za Selsiasi, joto ambalo hakuna anayelihusisha na barafu. Kisababishi cha tatu ni geji iliyochoka: mrija uliopinda ndani yake umewahi kupigwa na presha inayozidi uwezo wake, na mshale haurudi tena kwenye sifuri hata geji ikiwa mkononi. Geji ya mshale hudumu na husoma vizuri zaidi inapotumika kati ya robo na robo tatu ya kipimo chake.

Kuibadilisha si kazi kubwa: funga vali ya kutenga, toa presha kupitia tundu la kutolea, hakikisha kimya kimekuwa kimya kweli, kisha badilisha. Acha kazi na uite wataalamu wa kichwa cha kisima iwapo presha inaendelea kutoka baada ya vali kufungwa, iwapo nyuzi za kiungo zimelika, au iwapo unashuku haidreti, kwa kuwa donge la haidreti linalopunguziwa presha upande mmoja tu hufyatuka kama risasi. Kiungo chenye presha hakikazwi. Harufu ya mayai viza nayo ni amri ya kuondoka: sulfidi ya hidrojeni inapofika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuinusa, hivyo harufu inayotoweka ghafla huenda ikawa dalili ya hatari kubwa zaidi.

Geji mbili zilizoshuka pamoja zinatoa majibu mawili

Tazama kwanza umbo la tofauti kabla ya kutazama ukubwa wake. Tofauti isiyobadilika hata kidogo kutoka juu hadi chini ni suala la sifuri au la mahali geji zilipokaa. Tofauti inayokua kadiri presha inavyopanda ni suala la uhakiki wa kiwandani. Tofauti inayokua kadiri saa zinavyopita, hali presha imetulia, ni geji moja inayohama taratibu.

Tofauti ya kudumu ya karibu bar 1, au psi 14.7, ina maelezo mepesi: geji moja inasoma presha kamili na nyingine inasoma presha iliyo juu ya ile ya hewa. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta uvujaji ambao haukuwepo kwa sababu ya jambo hili, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi ya geji. Tofauti ya bar 0.2 nayo haishangazi geji zikiwa zimepishana mita mbili ndani ya maji.

Kisha uliza kuhusu joto. Geji za fuwele ya kwatzi huweza kutambua badiliko la psi 0.01, lakini fuwele hiyo huhisi joto kama inavyohisi presha, na joto likiwa bado linabadilika usomaji wake huyumba hata kama programu inajitahidi kuufidia. Ipe geji muda hadi rekodi ya joto ilale bapa. Geji za aina ya mkazo zina ukali mdogo zaidi, ingawa huvumilia misukosuko vizuri, kwa hiyo zisilaumiwe kwa kutoona kile ambacho hazikutengenezwa kukiona.

Geji iliyohama hurudishwa maabara ikapimwe kwa mizani ya uzito. Usiirekebishe kwa kupunguza namba kwenye jedwali. Geji za kumbukumbu, zinazohifadhi usomaji ndani yake zenyewe, zina tahadhari ya ziada. Betri zake ni za lithiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 180 hivi, na kifaa kinachotoka kisimani kikiwa kimevimba, kimechomeka au kikitoa mlio hakifunguliwi na fundi wa zamu, bali hutengwa mbali na watu hadi msambazaji wa betri atoe maelekezo.

Ongezeko la presha kwa kila mita linaonyesha kitu kisichowezekana

Maji baridi huongeza karibu bar 0.098 kwa kila mita ya kina cha wima, na maji ya chumvi huongeza zaidi kidogo. Mafuta mengi huangukia kati ya 0.07 na 0.085, na gesi hushuka hadi 0.01 au 0.03 kulingana na presha. Ukipata namba iliyo nje ya safu hizi, au iliyo ndani ya safu isiyolingana na kile kisima kinachotoa, anza na kina.

Chukua mfano wa kisima kilichoinama kwa nyuzi 45. Geji imesimamishwa kwenye mita 2,000 na mita 2,100 za urefu wa bomba, na presha imeongezeka kwa bar 6.94. Ukigawanya kwa 100 unapata 0.069, na ripoti itaandika mafuta mepesi. Lakini mita 100 za bomba lililoinama hivyo ni mita 70.7 tu za wima, na 6.94 ikigawanywa kwa 70.7 inatoa 0.098, ambayo ni maji matupu. Kosa hili halitoi namba ya ajabu ya kumshtua mtu. Hutoa namba nzuri inayofurahisha, na ndiyo maana huishi muda mrefu.

Baada ya kina cha wima, kagua mahali kina kilipoanzia kuhesabiwa, kwa kuwa meza ya mtambo na usawa wa bahari hutofautiana kwa makumi ya mita. Kisha kagua vituo: kituo cha dakika mbili hakitoshi, na ni vyema kukaa dakika kumi au zaidi huku ukiangalia joto. Mwisho, fikiria waya ulionyooka kwa uzito na roda ya kupimia iliyoteleza. Linganisha kina cha kushuka na kina cha kupanda kwenye alama ileile ya bomba. Tofauti ikizidi mita moja au mbili, rudia kipimo.

Kipimo cha presha ya mwamba hakitulii, au kinaleta jibu lisiloaminika

Hapa namaanisha kifaa kinachoshushwa kwenye kisima kisichovikwa bomba, kikabana mdomo wake kwenye ukuta, kikavuta kiasi kidogo cha kimiminika, kwa kawaida sentimita za ujazo 5 hadi 20, kisha kikasubiri presha ipande. Hakuna kipimo kinachotoa malalamiko mengi kuliko hiki, na karibu yote huwa ya sura tatu.

Sura ya kwanza ni presha inayoshuka wakati wa kuvuta na kuruka mara moja hadi kwenye presha ya tope la kuchorongea. Raba inayozunguka mdomo wa kifaa haikuziba. Ukuta ni mbovu au umemomonyoka, na rekodi ya kipenyo cha kisima ingekuambia hivyo kabla ya kushuka. Sogea sentimita 30 juu au chini na ujaribu tena. Ukipoteza vituo vitatu mfululizo kwenye tabaka lilelile, acha kubahatisha. Badilisha raba au tumia mdomo mpana zaidi.

Sura ya pili ni presha inayoanguka karibu na sifuri na kupanda kama mzee anayepanda ngazi. Mwamba unapitisha kidogo mno, au mdomo umezibwa na punje za mchanga. Mivuto miwili mfululizo itakujulisha ni lipi kati ya hayo: mwamba mgumu hurudia mkunjo uleule, ilhali mdomo ulioziba huleta mkunjo wenye miruko. Punguza kiasi cha kuvuta na kasi yake. Usisubiri kwa muda usio na mwisho, kwa kuwa kifaa kilichobana ukuta kinaweza kunaswa na tofauti ya presha kati ya tope na mwamba. Muda wa juu wa kusubiri ukubaliwe na msimamizi wa mtambo kabla ya kushuka, si wakati kifaa tayari kimekwama.

Sura ya tatu ndiyo yenye hila. Presha inatulia vizuri, inarudia vizuri, lakini iko juu ya mstari unaoundwa na vituo vingine. Kwenye mwamba unaopitisha kidogo, maji ya tope yanayopenya ukutani hupandisha presha ya mwamba karibu na kisima, na kifaa husoma kwa usahihi presha hiyo iliyopandishwa. Panga vituo vyote kwa uwezo wa mwamba kupitisha: ikiwa vilivyo juu ya mstari ni vile vya mwamba mgumu tu, viondoe kwenye hesabu ya mstari, wala usitafute tabaka jipya lenye presha yake. Sina huruma na mstari uliochorwa kwa vituo vya namna hiyo.

Kwa sura zote tatu, soma presha ya tope kabla na baada ya kila kituo. Zikitofautiana kwa zaidi ya psi chache, ama geji inahama ama tope linashuka kisimani. Jambo la pili si la mtu wa vipimo: mwarifu mchorongaji papo hapo, kwa sababu tope linalopotea ni mwanzo wa kisima kuvamiwa na gesi.

Mkunjo wa presha baada ya kufunga kisima una nundu, au unashuka mwishoni

Presha ya kisima kilichofungwa hutarajiwa kupanda na kutulia. Ikishuka, angalia kwanza kama vali ya juu imefunga kweli, kisha kama saa ya geji na saa ya juu zinakubaliana, kwani tofauti ya dakika tano kati yake huharibu sehemu yote ya mwanzo ya uchambuzi.

Ikiwa hayo ni sawa, uliza geji ilining'inia wapi. Tuseme ilikuwa mita 300 juu ya matundu, yaani mashimo yaliyopigwa kwenye bomba ili mafuta au gesi iingie kisimani. Wakati kisima kinazalisha, mita hizo zina mchanganyiko. Kikifungwa, gesi hupanda na maji huzama, na kilichojaa kati ya geji na matundu hubadilika. Kubadilika kutoka gesi ya 0.015 hadi maji ya 0.098 ni karibu bar 25 ambazo geji haizioni, na mwamba utabebeshwa lawama ya bar hizo. Dawa ni kushusha geji karibu na matundu kadiri inavyowezekana, au kufungia kisima chini badala ya juu. Nundu inayotokea mapema na kupotea ni ya utengano huohuo, na sehemu hiyo ya mkunjo haifai kuchambuliwa.

Presha kati ya bomba na bomba inarudi kila ikitolewa

Presha inayotokea kisima kinapoanza kuzalisha, ikatolewa mara moja na isirudi, kwa kawaida ni upanuzi wa kimiminika kilichopashwa joto. Inayorudi ni uvujaji, iwe kwenye nyuzi za bomba, kwenye sili za kichwani au kwenye saruji inayozunguka bomba. Rekodi kasi ya kurudi, chukua sampuli ya kinachotoka, kisha simama hapo. Kuitoa tena na tena huweza kuvuta gesi zaidi na kupanua njia yake, na uamuzi wa hatua inayofuata ni wa mhandisi anayehusika na uimara wa kisima.

Saturesheni ya maji inazidi asilimia 100

Mlinganyo wa Archie wa mwaka 1942 bado ndio msingi: ukinzani wa umeme wa maji ya tabaka unagawanywa kwa kiasi cha vinyweleo kilichopandishwa kipeo cha pili, kisha kwa ukinzani wa mwamba, na kwa jibu hilo hutafutwa kipeuo cha pili, yaani mzizi wa mraba. Namba isiyowezekana ikitoka, sampuli ya maji ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kosa lake la kawaida ni joto.

Maabara imeripoti ukinzani wa maji kuwa ohm-mita 0.20 kwenye nyuzi joto 25. Tabaka liko kwenye nyuzi 90. Kwa kanuni ya Arps, inayobadilisha ukinzani wa maji kulingana na joto, 0.20 huzidishwa kwa 46.5 na kugawanywa kwa 111.5, na kutoa 0.083. Sasa chukua mwamba wenye vinyweleo asilimia 20 na ukinzani wa ohm-mita 23: kwa 0.083 saturesheni ya maji ni asilimia 30, na kwa 0.20 ambayo haikubadilishwa ni asilimia 47. Kwenye tabaka la maji matupu lililo chini yake, kosa lilelile hutoa asilimia 155. Ndiyo sababu naanza kila uchambuzi kwenye tabaka la maji: huko jibu linajulikana, nalo ni 100.

Joto likiwa sawa, kagua kama sampuli ilichanganyika na maji ya tope, na kama vinyweleo vimeingizwa kwa asilimia mahali palipohitaji desimali. Kisha vipeo vyenyewe: mbili ni mazoea yanayofaa mawe mengi ya mchanga, lakini mawe ya chokaa yenye matundu yasiyoungana huhitaji kipeo kikubwa zaidi na miamba yenye nyufa huhitaji kidogo zaidi. Hilo halitatuliwi kwa kukisia. Huhitaji sampuli za mwamba na maabara ya miamba.

Rekodi inasema maji, kisima kinatoa mafuta. Au kinyume chake

Upande wa kwanza hutokana mara nyingi na udongo mfinyanzi. Kama tabaka lina nusu mchanga wa ohm-mita 20 uliojaa mafuta na nusu mfinyanzi wa ohm-mita 1, katika matabaka membamba kuliko uwezo wa kifaa kuyatenganisha, kisima cha wima kitasoma karibu ohm-mita 1.9. Mafuta yapo, ila umeme umepita kwenye mfinyanzi. Tazama picha za ukuta wa kisima, na tumia milinganyo ya mchanga wenye mfinyanzi, kama ule wa Waxman na Smits wa 1968, badala ya Archie mtupu. Kagua pia aina ya kifaa: kipimo cha ukinzani kinachohitaji tope linalopitisha umeme hakina maana kwenye tope la mafuta.

Upande wa pili huanzia mara nyingi nje ya mwamba: saruji ina mfereji na maji yanatoka tabaka jingine. Pima saruji na joto kabla ya kuhesabu upya. Baada ya hapo fikiria maji ya tabaka yenye chumvi kidogo, ambayo ukinzani wake mkubwa huiga mafuta, na mafuta masalia yaliyonaswa kwenye vinyweleo, ambayo yapo kweli lakini hayatatoka.

Kipimo cha nyutroni ndani ya bomba hakitofautishi mafuta na maji

Kipimo hiki huhesabu jinsi nyutroni zinavyomezwa, na mmezaji mkuu ni klorini ya chumvi. Kwa hiyo swali la kwanza ni chumvi. Kwenye mwamba wenye vinyweleo asilimia 25, maji ya chumvi nyingi ambayo uwezo wake wa kumeza nyutroni una thamani 60 yatatoa usomaji wa 21 mwamba ukijaa maji na 14 saturesheni ya maji ikishuka hadi asilimia 30. Weka maji ya chumvi kidogo yenye thamani 25, na usomaji huohuo unakuwa 12.3 na 11.4, tofauti inayomezwa na kelele za kifaa. Hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoirudisha. Tumia kipimo cha uwiano wa kaboni na oksijeni.

Ikiwa chumvi inatosha, kumbuka kwamba kipimo huona sentimita 25 hivi tu. Maji yaliyoingia kwenye matundu kisima kilipofungwa, au masalia ya asidi ya hidrokloriki, hujaza eneo hilo lote. Pima kisima kikiwa kinazalisha. Jenereta ya nyutroni kamwe haiwashwi juu ya ardhi, na kifaa chenye chanzo cha mionzi kikinaswa kisimani hakivutwi kwa nguvu wala kukatwa kebo bila mtaalamu wa mionzi mwenye leseni.

Presha inaweka mpaka wa maji hapa, saturesheni inauweka kule

Linganisha kwanza rekodi za miale ya gama za mishuko yote miwili. Tofauti ikiwa ileile kila mahali, ni kina tu. Ikibaki baada ya kulinganisha, itazame kwa aina ya mwamba: mistari ya presha ya mafuta na maji hukutana kwenye usawa huru wa maji, ilhali saturesheni hufika 100 juu ya hapo, na kwenye mwamba wa punje ndogo pengo huweza kuwa makumi ya mita bila kosa lolote. Ripoti vina vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake. Pengo kubwa likitokea kwenye mchanga wa punje kubwa unaopitisha vizuri, linganisha presha ya maji ya kisima hiki na ya kisima jirani kwa kina kimoja. Zisipolala kwenye mstari mmoja, huenda visima hivyo haviko kwenye hifadhi moja, yaani mwamba mmoja uliobeba mafuta au gesi, na mhandisi wa hifadhi anapaswa kuziona namba hizo kabla matundu hayajapigwa.